Barua Iliyotoka Kabatini

Saa tatu asubuhi mshonaji wa mstari wa nne aliingia masjala bila kubisha hodi. Akaweka simu yake mezani.

"Mama Kufuli, hii umeitoa wewe?"

Ilikuwa picha ya barua ya daktari. Ilieleza kwamba mshonaji huyo anatibiwa kifafa, anakunywa dawa kila siku, na kazi yake anaiweza kama mtu yeyote, ila asipangiwe zamu ya usiku. Mtu alikuwa ameirusha kwenye kundi la simu la wafanyakazi, na chini yake maneno yalikuwa yamemiminika. Mmoja kaandika kwamba hataki kukaa naye jirani, asije akamwangukia na pasi ya moto. Mwingine kaandika: mficha maradhi, kilio humfichua. Wengine walicheka tu.

Aliyeulizwa alikuwa karani wa masjala ya kiwanda kimoja cha kushona sare, mama wa miaka hamsini na minne. Jina la Kufuli walimpa wafanyakazi wenyewe. Ukimuuliza fulani analipwa kiasi gani, yeye anakuuliza kama mvua imenyesha kwenu. Hata mumewe, fundi saa mwenye kibanda sokoni, alizoea kutania kwamba ameoa kabati na ufunguo hakupewa.

"Sikuirusha mimi, mwanangu," alisema.

"Kiwandani humu nilimpa mtu mmoja tu. Nilikupa wewe, mkononi. Ukaniambia hapa ni kaburini, kinachoingia hakitoki."

"Nilisema."

"Basi kimefufuka vipi?"

Karani aliinamia simu kuitazama tena ile picha. Binti akachukua simu yake, akaondoka, na hakurudi kwenye cherehani yake siku ile.

Mlango ulipofungwa, mama yule alifungua kabati la chuma, akatoa faili. Barua ilikuwa mahali pake. Juu kwenye pembe ilikuwa na namba kumi na saba, aliyoiandika mwenyewe kwa wino mwekundu siku alipoipokea. Namba hiyo ilikuwemo kwenye picha pia. Kwa hiyo barua ilipigwa picha baada ya kuingia kabatini, si kabla. Akafunua daftari la kuazimia mafaili. Hapakuwa na saini ya mtu.

Hapo ndipo alipokumbuka.

Alhamisi ya wiki iliyopita, mkuu wa utumishi alikuja akataka mafaili yote ya mstari wa nne. Karani alimsogezea daftari na kalamu. Mkuu akacheka. "Mimi nisaini kwako? Kwani mafaili haya ni ya nani, mama?" Yeye, ambaye hakuwahi kumpa mtu hata karatasi moja bila saini, aliona haya, akairudisha kalamu kwenye kikombe. Mafaili yalirudi baada ya chakula cha mchana.

Alikwenda ofisini kwa mkuu.

"Funga mlango," mkuu alimwambia, kisha akamsikiliza mpaka mwisho. "Nilimpa msimamizi wa mstari aisome, kwa ajili ya usalama. Kumbe kaipiga picha. Nitamkemea, yaishe."

"Hayajaisha, mkubwa. Yule binti ameondoka analia."

"Mama yangu, umebakiza miezi minane ustaafu." Alisema polepole, kama anayemshauri mgonjwa. "Daftari halina saini yangu. Ufunguo unao wewe. Mtu akiuliza, nani ataonekana kaitoa?"

Jioni ile alipitia kibandani kwa mumewe, akamweleza yote, ila hakutaja jina la binti wala ugonjwa wake. Fundi saa aliacha kazi aliyokuwa akiifanya.

"Ukisema, unajichongea."

"Na nisiposema?"

Mzee alimvutia kiti. "Miaka thelathini umenificha mambo ya watu mpaka nikawa nakununia. Ukinyamaza sasa, utakuwa unamfichia nani?"

Mshonaji hakukaa kulia tu. Alipeleka malalamiko kwenye ofisi inayosimamia sheria ya taarifa binafsi, na siku ya kumi na moja mkaguzi alifika, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi. Waliketi watu watano kwenye chumba cha mikutano: mkaguzi, mshonaji, mkuu wa utumishi, msimamizi wa mstari na karani.

"Taarifa ya ugonjwa hutumika kwa jambo lile tu mwenyewe aliloitolea," mkaguzi alisema, "na huonwa na yule tu anayeihitaji kwa jambo hilo. Nani aliitoa masjala?"

Mkuu aliwahi kujibu. "Masjala iko chini ya mama huyu."

Macho yote yakamgeukia. Karani akashika ukingo wa meza.

"Ni mimi niliyeitoa."

Mshonaji alijiziba mdomo.

"Nilimpa mkuu wa utumishi mafaili yote ya mstari wa nne, Alhamisi, saa nne kasorobo. Alikataa kusaini, nikaogopa kumkazania. Kosa hilo ni langu. Yaliyofuata mwulizeni yeye."

"Una ushahidi?"

"Sina. Nina neno langu tu."

Mkuu alitabasamu, akafungua mdomo aseme. Lakini msimamizi, aliyekuwa ameinamia viatu vyake tangu mwanzo, alitangulia.

"Picha aliipiga mkuu mwenyewe. Alinitumia kwenye simu, akaandika nisimpendekeze huyu dada kwenye ajira ya kudumu. Ujumbe bado ninao." Alimeza mate. "Nilitaka kumtumia mwenzangu mmoja, ikaenda kundini. Nilipoona watu wanacheka, nikaiacha."

Mkaguzi alinyoosha mkono kuomba simu.

Uamuzi ulitoka baada ya wiki sita. Kiwanda kiliamriwa kumlipa mshonaji fidia na kumwomba radhi kwa maandishi. Mkuu wa utumishi aliondolewa kazini, msimamizi akavuliwa usimamizi. Karani alipewa barua ya onyo, akaisaini bila kubishana.

Mshonaji alirudi kwenye mstari wa nne. Kundini picha ilikuwa imefutwa, vichwani mwa watu ilikuwa bado ipo, na wapo waliohamisha viti vyao. Asubuhi moja alikutana na karani getini.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Binti alisimama kidogo. "Kule kusema ukweli, nakushukuru. Kule kuitoa, bado sijakusamehe."

"Ni haki yako," mama alijibu, wakaingia ndani, kila mmoja na njia yake.

Miezi iliyobaki kabla ya kustaafu ilipotimia, wenzake walimwandalia mama yule chai ya kumuaga. Mshonaji hakuja. Ilikuwa saa ya kazi na vyerehani vilikuwa vinanguruma. Huenda hakupata ruhusa, huenda hakutaka. Karani hakumuuliza mtu.