Treni Waliyoiita Jeneza

Mwanangu, iko siku moja ya Durban ambayo sijaisahau, ingawa ilianza kama siku nyingine yoyote ya kazi. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa kijana wa Tabora, mtoto wa reli tangu kwa babu, nikipakia mizigo katika ghala moja la Clairwood na kulala mtaa wa Albert Park pamoja na Wakongo. Kwenda na kurudi nilipanda treni.

Watu wa reli hawawezi kukaa na treni bila kuipa jina, na pale stesheni kila moja ilikuwa na lake. Ya alfajiri tuliiita Mwalimu, kwa kuwa haikumsubiri mchelewaji. Kichwa kidogo kilichosukuma mabehewa kuelekea bandarini tulikiita Kifaranga. Hilo nililipenda kuliko yote, na hata leo nikilitaja natabasamu peke yangu. Nililolichukia lilikuwa la treni ya jioni, iliyoturudisha mjini. Ilikuwa ndefu, taa zake haziwaki, milango haifungiki. Kabeya, Mkongo niliyefanya naye kazi, hodari wa kuchekesha watu, ndiye aliyeibandika jina: Jeneza. Tukacheka. Baadaye mtu akaanguka kutoka mlangoni akafa. Kicheko kikaisha, jina likabaki.

Sasa siku hiyo madereva wa teksi walikuwa wamegoma. Josée, mke wa Kabeya, aliyeuza chakula kwa madereva wa malori pale Clairwood, akashikwa na uchungu kabla ya siku zake. Ambulensi ilipigiwa simu, haikuja. Mimi na mumewe tukamsaidia kutembea polepole hadi stesheni. Kwenye jukwaa tukamkuta Bi Mwanaidi, mama mtu mzima wa jamii ya Wazanzibari wa Chatsworth, kitongoji cha hukohuko Durban, anakwenda mjini kwa jamaa zake. Alipomwona Josée aliweka kikapu chini, akamshika kiuno bila kutuuliza sisi ni nani.

Treni ikaingia. Josée akasimama palepale.

"Siingie mule," akasema. "Sitazalia mutoto mu jeneza."

"Josée, ile ni jina tu," Kabeya akamwambia. "Ni miye nilipatiaka. Ilikuwa blague, ya kuchekesha tu."

"Kama ni weye ulipatia, patia ingine."

Kabeya akaigeukia treni. Filimbi ikalia. Nikamwashiria gadi atungoje kidogo.

"Kijana," Bi Mwanaidi akasema, taratibu kabisa, "mkeo kakuomba kitu. Mpe."

Kabeya akaitazama mikono ya yule mama kiunoni mwa mkewe.

"Mukunga," akasema. "Iitwe Mukunga."

Sauti ilimtoka ndogo, lakini waliosimama mlangoni waliisikia, maana wasemao Kiswahili hawakukosekana mle. Mmoja akanyoosha mkono. "Ingia, mama. Hii ni Mukunga." Josée akaushika mkono ule, akapanda.

Mtoto alizaliwa hospitali usiku uleule, wa kike, mzima. Wengine wangeishia hapo. Mimi nakumbuka zaidi kilichofuata.

Josée aliporudi kazini alimuuliza mumewe: ikiwa jina lile lilimtisha yeye, je, yule aliyeanguka hakuacha mtu? Ikabidi tuulizie. Aliacha mke, mama wa Kigoma aliyeuza karanga nje ya stesheni. Tulikuwa tukinunua kwake, kisha tunasimama karibu yake tukiambiana kwamba Jeneza limechelewa. Kabeya akaamua kwenda kumwomba radhi, nami nikamsindikiza. Alisema aliyokuwa nayo, akamaliza. Yule mama alimfungia mteja karanga kwanza, halafu akamtazama Kabeya.

"Nilikuwa nangoja mchoke na jina lile," akasema.

Akarudi kwa karanga zake. Tukasimama pale mpaka treni ikaja.

Jina la Mukunga halikuenea. Wengi waliendelea na lile la zamani mpaka mabehewa yale yalipoondolewa, na neno la Kabeya halikufanya milango yake itengenezwe. Hilo nakueleza ili usidhani nakuuzia miujiza.

Ninalotaka ulishike ni hili, mwanangu. Nawe utabandika majina: kwa gari, kwa mtaa, kwa mtu. Kila kijana hufanya hivyo, na mengine yatachekesha kwelikweli. Lakini kabla hujalitamka jina lolote, jiulize ni nani atakayelazimika kulisikia kila jioni huku anatafuta riziki yake. Na ukigundua umekosea, usijikinge kwa kusema ulikuwa unatania. Tafuta jina jingine, ulitamke mbele ya walewale uliowachekesha, hata sauti ikikutoka ndogo. Kisha nenda kwa aliyeumia, usimngoje aje kwako.

Mola akulinde njiani, akupe ulimi usiokurudisha nyuma kwa aibu, na akujaalie watu watakaokuita kwa jina ambalo utaliitika ukiwa na amani.