Chupa Inayotokota na Kifua cha Mtoto

Ilikuwa saa nane na robo mchana, mwanangu, na hadi leo saa hiyo ikifika huikumbuka siku ile. Nilikuwa kijana, msaidizi wa wauguzi hapa Kindu. Wodi ya watoto ilikuwa na mtungi mmoja wa oksijeni, na siku hiyo tuliwagawia wachanga wawili. Wote walikuwa na bronkiolite, ule ugonjwa unaojaza makamasi katika vijia vidogo vya mapafu.

Wa kwanza, mtoto wa kiongozi mmoja wa Chama kilichotawala nchi, alipewa oksijeni kwa mrija mwembamba puani, basi. Wa pili, Sifa, binti wa muuza samaki wa Lokandu, alivaa mirija minene iliyokaa sawasawa puani, na pumzi aliyoitoa ilipita katika mpira mrefu uliozamishwa ncha ndani ya chupa ya maji. Maji yaliizuia pumzi kidogo, vijia visijifunge. Vifaa vya namna hiyo tulikuwa na seti moja tu.

Chupa ilitokota mapovu mchana kutwa, na macho hayana pazia. Yule baba wa Chama alisimama na abakosti yake, lile koti la wakubwa wa siku zile, akaitazama.

"Huyu wa muuza samaki munamupikia dawa, wangu munamupulizia upepo. Hiyo njo haki gani, kijana?"

Nani alikuwa akimbishia mtu wa Chama siku zile? Mkono wangu ulikwisha kuushika mpira wa Sifa ili niuhamishie kwa mwanawe, niliposikia nyuma yangu sauti ya Mama Zaina, muuguzi wetu mkongwe.

"Wee, huo mukono unaenda wapi? Umeona mandazi?"

Akina mama wakacheka chini chini. Yeye akamgeukia yule baba, akamwita raia kwa Kifaransa, kama ilivyoamriwa siku zile.

"Citoyen, mutoto wako alinyonya leo?"

"Alinyonya muzuri, akalala."

"Huyu tangu jana titi linamushinda. Lete mukono."

Akauchukua mkono wa mkubwa yule, akauweka juu ya kifua cha mwanawe, kisha juu ya kifua cha Sifa, pale ngozi ilipokuwa ikizama kati ya mbavu kwa kila pumzi. Akauacha hapo kitambo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

"Wako anapumua, anaomba musaada kidogo tu. Ukimupa chupa, tumbo itajaa upepo, atakataa titi. Huyu anachoka. Ukimunyang'anya, hafiki jioni."

"Nimesikia," akasema, akatoka bila kuaga.

Mwanawe alirudi nyumbani kesho yake. Siku ya tatu Sifa alinyonya, na mama yake, badala ya kushangilia, alijilaza sakafuni akapitiwa na usingizi.

Wiki iliyofuata Mama Zaina alihamishiwa zahanati moja upande wa Kailo. Nani alitaka hivyo, sijui, na sikuthubutu kuuliza. Nilimbebea beseni na mkeka hadi kwenye lori. Nilikuwa natafuta neno la pole, akanitangulia: "Siku ile, ule mupira haukutoka?"

"Haukutoka, mama."

"Basi."

Nimechoka sasa, mwanangu, na wewe ndiye muuguzi. Nimejisomea vitabu vingi tangu hapo, na nimewaona watoto ambao mrija na chupa vyote viwili havikuwatosha. Kesho watakuletea mashine nyingine, na watu watakuuliza ipi ni bora. Usijibu kabla hujamfunua mtoto kifua. Kila mlango na ufunguo wake: anayenyonya na kulala, mara nyingi mrija mwembamba unamtosha; ambaye ngozi inazama kati ya mbavu, mpe chupa mapema, kabla nguvu hazijamwisha. Akichoka hata na chupa, mwite daktari, wala usimfiche mama yake. Na mkubwa akija kudai, usigombane naye. Mshike mkono, auguse mwenyewe. Huenda ukahamishwa. Hama.

Mungu akupe mkono wenye joto, mwanangu, na binadamu wakikuondoa ulipo, Yeye akupokee huko uendako.