Swali la Mwenzangu

Mimi nilikuwa mwalimu mzuri. Nalisema hili mapema msije mkasema najisifu baadaye. Miaka ile ya themanini nilifundisha hesabu katika chuo cha ualimu huko Kilifi, na darasani mwangu hata nzi akiruka alisikika. Nikimaliza somo huuliza, "Mmefahamu?" Nao wanafunzi wangu, watu wazima ambao kesho ni waalimu, huitika kwa sauti moja, "Tumefahamu, mwalimu!" Basi nafunga kitabu, natoka zangu kichwa kimevimba.

Ndipo akaja mtafiti. Alikuwa mwanamke mwenzangu, mzaliwa wa Mambrui, mdogo kwangu kwa miaka mingi, na kazi yake huko chuo kikuu ilikuwa kuchunguza jinsi sisi wakufunzi tunavyofundisha. Alikaa nyuma ya darasa langu wiki nzima na daftari lake. Siku ya mwisho akanifuata ofisini, akanipa shikamoo ya heshima kabisa, kisha akanivua nguo.

"Mwalimu, wanafunzi wako hawafahamu."

"Ebo! Wamekwambia?"

"Hawawezi kusema. Kwetu ukimwambia mwalimu hukufahamu, umemwambia hajui kufundisha. Wewe ulipokuwa madrasa uliwahi kumwambia ustadhi wako hivyo?"

Sikuwahi, na hilo ndilo lililonipandisha mori. Akaendelea kwa upole uleule. Kwetu, alisema, mtu hajiposei mke, anamtuma mshenga. Basi na swali nalo liwe na mshenga. Kila mwanafunzi amnong'oneze jirani yake kilichomtatiza, kisha jirani asimame aulize kwa niaba yake. Hapo hakuna aliyejiaibisha, na mwalimu hakuvunjiwa heshima.

"Ati mshenga!" nikacheka. "Na tambuu ya posa je, utaleta wewe?"

Alipoondoka nilisema, mjuaji huyu, mtoto wa juzi. Nikaamua kuijaribu njia yake ili nipate kusema kwamba haifai. Nilikuwa nafundisha kugawa sehemu: nusu ukiigawa kwa robo, jibu ni mbili. Somo nililolifundisha miaka na miaka, nikaitikiwa "tumefahamu" miaka na miaka. Nikawaambia wanong'one. Darasa likavuma. Kisha mwanamume mmoja wa makamo, aliyekuwa hajapata kufungua mdomo mbele yangu, akasimama. "Mwalimu, mwenzangu hapa anauliza. Kugawa si ni kupunguza? Mbona jibu limezidi kile tulichokigawa?"

Lahaula! Mikono ikanyooka kila pembe, kila mtu ana la mwenzake, na chini yake ni swali lilelile moja. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akijua! Nikaagiza muhogo kutoka jikoni, nikaukata nusu, nikawauliza nusu ile ina robo ngapi ndani yake. "Mbili!" wakapiga kelele, na mimi nikapiga kelele pamoja nao, chaki imenijaa kwenye buibui. Wallahi sijapata kufurahi darasani kama siku ile. Nilirudi ofisini karibu nakimbia.

Wenzangu wakaniuliza, "Njia hii umeitoa wapi?" Nikajibu, "Ah, nilikaa nikafikiri." Neno dogo tu, lilinitoka. Wakaguzi wakaja wakalisifu darasa langu, nikafanywa mkuu wa idara ya hesabu. Barua ya kumshukuru yule mtafiti sikuiandika. Kila mwezi nilisema nitaandika.

Akarudi baada ya miaka mitatu, amekonda. Chuo kikuu kilitaka kuusimamisha utafiti wake. Wakubwa walimwambia kazi yake ni kitabu cha kupambia rafu, na kama hana hata darasa moja lililobadilika kwa ajili yake, basi. "Nimezunguka pwani yote," akaniambia. "Wananipa chai, wananipa haluwa, lakini darasa sijaliona."

Uso ulinichoma. Ningesema palepale, yangekwisha. Badala yake nikasema, "Kesho nakwenda shule ya Adu kumkagua kijana wangu mmoja niliyemsomesha hapa. Twende sote." Nilidhani macho yake yakishaona, mdomo wangu hauna haja ya kusema.

Tukaenda kwa gari la chuo, tukapita Marafa, vumbi tupu. Shule yenyewe ilikuwa ya udongo, watoto wamebanana kwenye madawati. Yule mwalimu kijana, mzaliwa wa hukohuko, alishika muhogo mkononi. Nilipouona tu ule muhogo, nikajua kinachokuja. Akasema, "Haya, washenga!" Watoto wakanong'onezana, na kibinti kimoja kikasimama. "Mwalimu, mwenzangu hapa anauliza, ukigawa kitu mbona kinazidi?"

Mtafiti akanishika mkono akaniminya hadi nikaumia. Kalamu ilimponyoka. Somo lilipokwisha akamwuliza yule kijana, "Mwanangu, njia hii umeipata wapi?"

"Kwa mwalimu wangu huyu," akanionyesha kwa fahari. "Aliibuni mwenyewe."

Mtafiti akanitazama. Nilingoja aseme. Hakusema. Mimi ni mkubwa wake kwa umri, na mkubwa haumbuliwi mbele ya mwanafunzi wake. Adabu ileile aliyoitafiti ndiyo iliyomfunga mdomo, na kazi yake nzima ilikuwa inakufa pale mbele yangu, naye ameinamisha kichwa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi. Watoto wakaangua kicheko kumwona mama mzima na buibui lake ameomba ruhusa.

"Mwalimu," nikasema, "mwenzangu hapa anauliza. Njia hii ni yake, mbona nimeiita yangu?"

Kicheko kikakatika. Kijana akanitazama, akamtazama yeye.

"Na jibu lake," nikamalizia, machozi yananitoka bila haya, "ni kwamba nilimwibia. Barua ya kuwaeleza wakubwa wa chuo kikuu nitaiandika mimi kwa mkono wangu, leo hii, kabla hatujaondoka Adu."

Yule kijana akauweka muhogo chini. Kisha akamsogelea yule mtafiti. "Shikamoo, mwalimu wa mwalimu wangu." Na darasa zima, bila kuambiwa, likasimama kwa kishindo, "Shikamoo, mwalimu!"

Akaitika marahaba kwa sauti nisiyoisikia vizuri, kisha akapiga magoti sakafuni, akawa anapapasa chini ya madawati kuitafuta kalamu yake.