Majaribio ya Sinia

La, kusoma sikusoma. Mie nazijua sauti za watu, na mjukuu wangu alizitaka hizo hizo.

Alikuwa barazani kwetu Wawi, kompyuta mapajani, anaandika kwa Paithoni, lugha ya kompyuta, programu ya kuwapanga wanawake wa harusi ya Gombani: nani ale sinia gani, wanne wanne. Wa kuikubali au kuikataa ni mpishi mkuu, naye ni mke mwenzangu, bi mkubwa. Mume wetu keshakufa, sie tumebaki. Akikubali, mtoto kapata kazi kila harusi. Siku ile bi mkubwa alikuwa anakuja kuiona.

"Bibi, nipe wageni wasumbufu," mtoto akanambia. "Kila mmoja namwandikia jaribio lake. Programu ikimkalisha vibaya natokewa na nyekundu, ikimkalisha vizuri kijani."

Wasumbufu? Kaja penyewe! Nikafumbata midomo kama jirani yetu asiye na meno: "Ngojeni jamani, mie bado tonge la kwanza, nyie mshafika chini!" Akaandika: asiye na meno asikae na wanaokula haraka. Akaendesha. Nyekundu. Akatengeneza, akaendesha tena. Kijani.

Nikajikweza, shingo juu, mama wa bwana harusi huyo: "Yaani mie, mie hapa, mnanitia karibu na viatu?" Nyekundu. Kijani. Mtoto anacheka mpaka kompyuta inatikisika.

Nikamalizia na wake wenza wawili wa Tibirinzi, waliorushiana mifupa harusini. Sauti mbili kwa mpigo: "Toa mkono wako!" "Toa weye!" Akaandika upesi: wake wenza wasile sinia moja. Kijani. Yote kijani.

Bi mkubwa akaingia, akavua viatu, akakaa. "Haya, mie umenitia wapi?"

"Sinia la mlangoni, bibi."

"Na huyu?" Akaninyooshea kidevu.

"La dirishani. Wake wenza hawakai pamoja. Tazama, majaribio yote yamepita!"

 

Bi mkubwa hakuitazama kompyuta. Alijifunga kanga vizuri, akainuka.

"Huyu ndiye anayenichambulia miba ya samaki siniani tangu mume wetu yuhai. Funga hilo dude, nitawapanga mwenyewe."