Vioo Kumi na Kimoja Nyuma ya Madhabahu

Nilibandika vioo kumi na kimoja juu ya ufa wa ukuta. Ufa ukaendelea kupanuka. Kwa wiki sita hakikuvunjika hata kimoja.

Jambo hilo haliwezekani.

Mimi ni mhandisi. Kanisa lenyewe lina zaidi ya miaka mia tatu, limebanwa kati ya benki ya ghorofa ishirini na barabara ya njia sita, kama bibi kizee aliyekwama kwenye lifti ya ofisi.

Nyuma yake kampuni moja ilikuwa inachimba shimo la maegesho. Ukuta wa nyuma ya madhabahu ukaanza kupasuka.

Kipimo changu ni cha zamani na hakina longolongo. Unabandika kipande chembamba cha kioo kukatiza ufa. Ukuta ukisogea kidogo tu, kioo kinavunjika. Kikivunjika, unakipeleka kwa kamati ya majengo, na uchimbaji unasimamishwa.

Nilihitaji kimoja tu. Kikao cha kamati kilikuwa Alhamisi.

Kila Jumatatu nilikuta vumbi la chokaa sakafuni, na vioo vizima, vinang'aa.

"Injinia," msimamizi wa shimo alinitania, "ukuta wako una afya kuliko wewe. Nenda ukalale."

Nilibadilisha gundi. Nilirudia hesabu. Nilikaribia kuitilia shaka shule niliyosoma.

Jumatano nikapima unene wa vioo vyenyewe. Vyangu ni vya maabara, milimita moja.

Cha kwanza nilichopima kilikuwa milimita tatu. Kioo cha dirisha.

Saba kati ya kumi na kimoja, vya katikati ambako ufa ni mpana, havikuwa vyangu.

Ufunguo wa kanisa wanao watu wawili: padri, ambaye hata bisibisi hajui kuishika, na mama yangu, anayefagia pale tangu sijazaliwa.

Nilimkuta anakung'uta mazulia.

"Mama, vioo vyangu umevifanya nini?"

Hakupepesa macho. "Vilivyovunjika nimebadilisha. Fundi wa madirisha alinikatia vingine."

"Kwa nini?"

"Si ulisema kikivunjika mnapeleka taarifa, pafungwe?"

"Shimo, mama! Lifungwe shimo!"

"Mwanangu, wakubwa wakija na karatasi, wewe umeshawaona wakifunga cha tajiri?"

Nikachungulia ndoo yake ya taka.

"Vipande viko wapi?"

"Nimetupa. Vikae kanisani vichane watu miguu? Na wahenga walisema usipoziba ufa..."

"Walisema uzibe. Hawakusema uufiche."

Akakaa kwenye benchi.

Alhamisi alikuja kikaoni mwenyewe, akaeleza yote bila kujitetea. Wakili wa kampuni aliuliza swali moja tu.

"Mhandisi, shahidi huyu ni nani wako?"

"Mama yangu."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Vipimo vyangu vya wiki sita vikafutwa. Uchimbaji ukaendelea.

Mezani kwangu ikabaki fomu moja. Jengo lenye ufa hatari, ambao chanzo chake hakijathibitishwa, watu hawaruhusiwi kuingia. Anayetia saini ni mhandisi aliyelikagua.

Nikatia saini.

Mama ndiye aliyefunga mlango wa kanisa. Alinikabidhi ufunguo bila kunitazama.

"Haya. Si nilikwambia watafunga?"

"Tumefunga sisi, mama."

Wewe unayesoma, unachokipenda kikianza kuumwa, usikipake poda kabla daktari hajafika. Atakiandika kizima, na wewe ndiye utakayeitwa kuzika.