Foleni ya Mjomba

Nilirudi kutoka India na diploma ya mitandao ya kompyuta, na nasema bila haya kwamba sikusomeshwa na mtu. Nauli niliipata Kidatu, nikikata miwa hadi viganja vikapasuka. Mwishoni mwa miaka ya tisini, Michenga nzima ni mimi peke yangu niliyeweza kuiamuru ruta, ile mashine inayoongoza mawasiliano ya mtandao.

Kituo chetu cha mradi wa kilimo kilikuwa na zahanati na ofisi zilizopakana katika ua mmoja. Mnara wa redio ulituunganisha na Ifakara kwa njia moja nyembamba, na humo humo zilipita barua, picha na simu ya muuguzi kwa daktari. Ruta ndiyo iliyoamua kipi kitangulie na kipi kingoje, nami ndiye niliyeipangia foleni. Mkuu wa kituo alikuwa mjomba wangu. Kwetu mkubwa hunawa kwanza. Basi kompyuta yake nikaiweka foleni ya juu, simu ya zahanati ikawa ya pili, nikajisifu wiki nzima.

Mpunga ulikuwa umeanza kuinama ng'ombe walipoingia shambani. Mkulima alimkata mfugaji panga juu ya kiwiko. Mfugaji akamvunja kichwa kwa rungu, mkulima akafia palepale. Mfugaji alipoletwa kwetu, ndugu za marehemu walikuwa nyuma yake wakitaka kummaliza. Mlinzi aliwazuia getini, akapigwa mpini wa jembe mdomoni, akatema meno mawili. Mawe yakavunja madirisha.

Muuguzi alikuwa amejifungia ndani na majeruhi. Nilipomwita alinifungulia, akafunga tena. Damu iliruka kutoka kwenye ule mkono, na kitambaa alichokibana hakikusaidia. Alikuwa akimweleza daktari kwa simu, kisha akanibandika mkono wa simu sikioni. Daktari alikuwa akirudia maneno yale yale: "Sikusikii, dada. Sikusikii kabisa."

Nilijua kosa ni la nani. Nikakimbia ofisini huku jiwe likinipata mgongoni.

Mjomba alikuwa akituma picha za mashamba ya mradi kwa wafadhili. Nilimwamkia, nikamwomba asimamishe. Akasema zimebaki chache.

"Mtu anakufa, Mjomba."

"Wa kwanza uliniweka wewe mwenyewe."

Kweli nilimweka. Lakini mkubwa akitangulia kula humega matonge machache, nyama akawaachia wadogo. Ruta haijui kuacha. Maadamu foleni ya juu ina kitu, ya pili haiguswi.

Nikakaa kwenye kompyuta yangu nibadilishe amri. Akanishika ukosi, akanipiga ngumi ya pua na nyingine ya jicho. Nami, Mungu anisamehe, nikampiga kiwiko kifuani, kaka wa mama yangu, akaanguka na kiti chake. Damu ikidondokea vitufe, niliipandisha simu juu, na kompyuta yake nikaiwekea kipimo: kitakachozidi kitupwe njiani. Hakuna mwingine bonde lile ambaye angeweza, achilia mbali kwa jicho moja lililofumba.

Kupitia ukuta nikamsikia muuguzi akiitikia.

"Ndiyo, daktari. Nimefunga juu ya jeraha. Nazungusha kijiti." Kisha: "Damu imekoma."

Polisi walipofika waliusafisha ua kwa virungu, bila kuuliza nani ni nani. Mfugaji alipelekwa Ifakara. Mkono waliukata, roho ikabaki.

Mjomba hakunishtaki popote. Picha zake ziliendelea kwenda, polepole, na hakuniomba nimrudishe mbele. Ila hakuitikia shikamoo yangu hadi tulipokutana kwa mama, kule Lipangalala, kwa chakula cha mchana. Maji ya kunawa aliyapitisha mwenyewe. Aliwanawisha wote, hata watoto, mimi akanifanya wa mwisho.

Nilipoufikia wali, paja la kuku lilikuwa bado upande wake wa sinia, halijaguswa. Akalisukuma kwangu kwa kidole.

"Kula," akasema.