Folda Yangu Ikae Juu

Duka la tajiri wetu liko mjini Morogoro, la vitambaa na sare, na familia yao ya Kihindi imelishika tangu babu yake. Nyuma ya kabati la vitenge kuna meza yenye kompyuta moja. Kwa miaka tisa kompyuta ile ilikuwa na mtu mmoja, mimi. Shule nimeishia darasa la saba, kule Matombo mlimani. Kudarizi kwa sindano nilifundishwa na mama mkwe. Kuchora nembo kwenye programu ili mashine izidarizi, nilijifunza kwa kubonyeza na kuharibu. Sijui kama huko kunaitwa kujua.

Mwaka juzi akaja binti kutoka Dumila, ana cheti cha kompyuta. Akaweka programu yake ya kukata maandishi ya kubandika kwenye fulana. Tukagawana: asubuhi mimi, mchana yeye. Ningependa kuandika kwamba alikuwa na kiburi, ingenisaidia. Hakuwa nacho. Kila akinikuta ni "Shikamoo dada," tena kiti alikuwa akinifutia.

Kilichoniuma ni wateja. Kondakta mmoja wa stendi ya Msamvu, ambaye nimemdarizia kofia mara nyingi, aliingia asubuhi moja akachungulia mezani.

"Yule binti yuko wapi?"

"Mimi nipo."

"Aa, mama, wewe mambo yako ya maua. Timu yetu inataka fulana kali. Namsubiri."

Akasubiri kweli, amekalia robota la khanga, mpaka mchana.

Siku hiyohiyo binti akaniita. "Dada, njoo uone kitu." Akanifungulia orodha moja ndani ya mipangilio ya kompyuta. Akanieleza kwamba programu zetu zote mbili huazima faili la kuzisaidia lenye jina lilelile, ila kila mmoja wetu ana lake kwenye folda yake: langu la zamani, lake jipya. Kompyuta ikitaka faili hilo, inafuata orodha ile, folda kwa folda, kuanzia juu. Ikilikuta, inachukua, haiendelei chini.

Juu ilikuwa folda yake. Yangu ilikuwa chini yake.

"Lakini usijali, dada. Programu yako inaazima faili langu na inakwenda vizuri tu."

Alisema kwa wema. Mimi nilisikia: unakula kwangu.

Kesho yake asubuhi nikaifungua orodha mwenyewe. Kwetu mkubwa ndiye anayeanza kunawa mikono. Nikaipandisha folda yangu juu, yake nikaishusha. Sikufuta kitu. Programu yangu ikafunguka kama kawaida, nikajiambia sijafanya lolote.

Mchana ya kwake ikagoma. Faili lake lilinitosha mimi, langu halikumtosha yeye. Akaizima, akaiwasha, akaiweka upya. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu fulana za kondakta zilikuwa zinatakiwa jioni, na tajiri akaja mezani mikono nyuma.

"Ya mama inafanya kazi?"

"Inafanya," nikasema.

"Basi ubovu uko kwako, binti. Saa tisa ikiwa bado, itoe hiyo programu, na wewe pumzika nyumbani. Nikikuhitaji nitakuita."

Binti alikuwa anasoma ujumbe wa kosa kwenye kioo, midomo inatikisika kama mtu anayesali.

Nimejiuliza mara nyingi kama nilijua. Kwamba itagoma, sikujua. Kwamba nilitaka apungue kidogo, nilitaka. Na siku tatu nilizonyamaza, hizo nilijua.

"Tajiri," nikasema, "ni mimi. Niliipanga folda yangu mbele ya yake."

"Kwa nini?"

"Nimemtangulia kufika."

Tajiri alinitazama mpaka nikaangalia sakafu. Binti akacheka, kicheko kifupi, na macho yana machozi. "Kumbe dada umeniweka kwenye foleni! Si ungeniambia tu, ningekupisha?"

Hakuirudisha orodha. Alichukua faili lake jipya akalinakili ndani kabisa ya folda ya programu yake. "Ikilikuta humohumo ndani," akasema, "haitoki tena nje kuazima." Akawasha. Ikafunguka. Mashine ikaanza kukata, na tajiri akaondoka. Mimi alikuja kunigombeza baadaye, na nilistahili.

"Na orodha?" nikamuuliza binti.

"Iache. Wewe kaa juu, dada. Mimi sina shida napo."

Nikakaa juu. Niko juu mpaka leo naandika haya, na hakuna kinachonichoma kama hicho: nafasi niliyoiiba alinipa bure, kwa kuwa hakuihitaji.

Jioni ya siku ile kondakta akaingia, akapita mbele yangu bila salamu. "Binti yuko wapi?"

"Yupo, anafunga fulana zako," nikamwambia. "Zimetoka nzuri." Na kweli zilikuwa nzuri.